Hesabu za Liuhua

Ubia ukivunjika Kariakoo, swali la kwanza mtaani huwa ni nani kamdhulumu nani. Sijapata kusikia mtu akiuliza wahusika walikubaliana nini kabla ya kununua katoni ya kwanza. Mimi nilishuhudia ubia mmoja ukizaliwa, ukaugua, ukapona, na mwishowe ukafungwa bila kesi, na sehemu kubwa ya mambo hayo ilitokea Liuhua, eneo la mji wa Guangzhou ambako mtu aliweza kutoka stesheni ya reli akaenda ukumbi wa maonyesho, sokoni, hadi msikitini, yote kwa miguu yake. Imepita zaidi ya miaka ishirini. Mkubwa wa wabia wale watatu ametangulia mbele ya haki, na waliobaki wameniambia niseme ninachokumbuka, ila majina niyaache. Basi nitawaita kama tulivyowaita wakati ule: Mzee, Mama na Kijana.

Mimi nilikuwa mwanafunzi, mmoja wa Watanzania waliosomeshwa kwa ufadhili wa serikali ya China, na Kichina changu kilikuwa kimekomaa kiasi cha kubishania bei. Siku za mapumziko nilikuwa mkalimani wa wafanyabiashara wa nyumbani. Kazi hiyo ina ajabu yake. Unalipwa useme maneno ya wenzio, lakini baada ya muda unajikuta wewe peke yako pale mezani ndiye unayejua kila upande umesema nini. Ndiyo maana wale watatu walipotafuta mtu wa kushika daftari, mtu asiye na senti yake ndani ya mzigo, walinipa mimi.

Asiyewahi kufika Liuhua ya miaka ile ataiona leo asielewe. Maonyesho makubwa ya biashara ya China, yaliyoanza Guangzhou mwaka 1957 na kufanyika kila masika na kila vuli, yalikuwa na makao yake pale tangu mwaka 1974, mwaka uleule ilipofunguliwa stesheni kuu ya reli jirani. Ng'ambo ya barabara ilikuwa hoteli ya Dongfang, ambamo wanunuzi wakubwa walilala. Sisi hatukulala humo. Tuliingia kunywa chai moja, tukapumzikia kiyoyozi, tukatoka. Ndani ya ukumbi, wawakilishi wa viwanda walikupokea kwa tabasamu mpaka walipouliza unataka makontena mangapi. Ukijibu kwamba unataka katoni arobaini, tabasamu lilibaki ila macho yalihamia kwa mtu wa nyuma yako. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo aliyaangalia maonyesho ili ajue kuna nini duniani, kisha akavuka kwenda kununua kwenye masoko ya Zhanxi, au Baima, soko la nguo lililofunguliwa mwaka 1993 karibu na stesheni. Njiani ulikamata pochi yako kwa mikono miwili, kwa sababu uwanja wa stesheni ulikuwa na sifa mbaya mji mzima, na pikipiki zilipita zikinyakua mikoba. Serikali ya mji ilizipiga marufuku pikipiki mwaka 2007, sisi tukiwa tumeshaibiwa vya kutosha.

Ubia wao ulizaliwa na kontena. Kontena la futi 40 lina meta za ujazo 67 hivi kwenye karatasi, ingawa ukipanga katoni za saizi tofauti hufiki hata 60. Anayejaza kontena zima hulipa nauli ndogo kwa kila meta ya ujazo kuliko anayechangia kontena na watu asiowajua, na mzigo wake haukai bandarini Dar es Salaam ukisubiri karatasi za mtu mwingine. Mzee, mwenyeji wa Pemba mwenye duka la jumla Kariakoo, alikuwa na pesa ya kujaza zaidi ya nusu. Mama alianza maisha kwa viatu vya rejareja, na wakati ule alikuwa na duka na wateja wa mikoani wanaomwamini. Kijana alifika Guangzhou kupitia Hong Kong, akabaki. Alipanga chumba upande wa Xiaobei, akajua kila ngazi ya Zhanxi na kila muuzaji anayepunguza bei jioni. Mtaji alikuwa nao kidogo sana.

Ubishi wa kwanza ulifanyika siku ya Ijumaa. Tulikuwa tumetoka kuswali kwenye msikiti wa Abi Waqqas, ambako kwa mapokeo ya Waislamu wa China amezikwa sahaba Saad bin Abi Waqqas. Ijumaa pale palijaa Wachina wa kabila la Kihui, Waarabu, Wamali, Wasomali na sisi wa Pwani, na nje paliuzwa nyama ya kondoo, mikate na matunda makavu. Tukaingia mgahawa wa tambi wa Wahui. Mama akatoa rai yake kabla hata chai haijaletwa.

"Mimi nasema hivi," alisema. "Faida ikipatikana, kwanza tuwatoe waliofanya kazi. Kijana anazunguka huku juani, apewe robo. Mimi nauza kule, nipewe sehemu moja ya sita. Kinachobaki ndiyo tugawane kwa mtaji."

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwa akikataa kumlipa Kijana. Shida yake ilikuwa ya kifikihi. Alikuwa amesoma, na alishikilia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii watu wakichanganya mali zao, faida hufuata mali: aliyetoa nusu ana nusu ya faida, na hasara vilevile. Kumchotea mtu fungu juu ya fungu kabla mali haijapata haki yake aliona si sawa. Lakini kuna mkataba mwingine, akasema, nao ni mudharaba: mimi nakupa pesa zangu, wewe unazifanyia kazi, na katika faida ya pesa hizo una fungu tulilokubaliana. Ikitokea hasara, pesa ni zangu na jasho ni lako, kila mtu kapoteza chake, isipokuwa uwe umefanya uzembe au hiana. "Basi tugawane kwa mtaji kwanza," akasema, "halafu kila mwenye faida amlipe aliyezifanyia kazi pesa zake."

Walibishana mpaka tambi zikapoa. Mama alihisi Mzee anatafuta njia ya kubana. Mzee alihisi Mama anapuuza dini. Kijana alikula tu. Mimi nikafungua daftari nikafanya hesabu zote mbili. Nitazitoa hapa kwa tarakimu nilizozizungusha, ili msomaji azifuate.

Mtaji wote tuseme ni dola 60,000: Mzee 36,000, Mama 18,000, Kijana 6,000. Mzigo ukauzwa, gharama zote zikatolewa, ikabaki faida ya dola 18,000. Kwa njia ya Mama, Kijana anachukua robo, dola 4,500, na Mama sehemu ya sita, dola 3,000. Zinabaki 10,500. Mzee ana sita katika kila kumi za mtaji, anapata 6,300. Mama ana tatu, anapata 3,150. Kijana ana moja, anapata 1,050. Jumla: Mzee 6,300, Mama 6,150, Kijana 5,550.

Kwa njia ya Mzee, faida inafuata mali kwanza: Mzee 10,800, Mama 5,400, Kijana 1,800. Sasa Mzee anamlipa Kijana robo ya faida yake, 2,700, na anamlipa Mama sehemu ya sita, 1,800. Anabaki na 6,300. Mama anampa Kijana robo ya 5,400, yaani 1,350, na anapokea 1,800 za Mzee pamoja na 300 za Kijana. Anafikia 6,150. Kijana anabaki na 5,550.

Nililigeuza daftari likawaelekea. Mzee alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akarudia kwa kikokotoo chake. Tarakimu ni zilezile hadi dola ya mwisho, na sababu yake si muujiza: ukijilipa mwenyewe ujira kutoka mfuko wako, hujaongeza wala hujapunguza. Mama akacheka, akasema, "Kumbe tumepigania mlango wa kuingilia, nyumba ni moja." Walikubaliana kuandika kwa njia ya Mzee, kwa kuwa ilimtuliza moyo na haikumgharimu mtu.

Niligundua jambo jingine nikiwa bado nimeshika kalamu. Mgao ule ulikuwa karibu sawa kwa sawa, ingawa mtaji ulipishana mara sita. Sheria tuliyorithi kutoka Uingereza kupitia India husema wabia wasipokubaliana vingine, hugawana faida sawa na kubeba hasara sawa, bila kujali nani ametoa nini. Wengi huiona sheria hiyo kama kichekesho. Mimi tangu siku ile naiona kama makadirio ya mtu aliyewahi kuona biashara: mwenye pesa kidogo kwa kawaida ndiye mwenye miguu. Ila upande wa hasara singeikubali hata kidogo. Kumtaka Kijana abebe theluthi ya hasara ya pesa zisizo zake ni kumfunga.

Na hilo la kufungwa Kijana alilijua vizuri. Mzee aliwahi kumwuliza kwa nini asichukue tu mkopo, anunue mzigo wake, aachane na mafungu. Akamjibu, "Hapana, Mzee wangu. Nataka fungu, sitaki deni." Watu wa Pwani wanajua tofauti hiyo tangu enzi za misafara. Tippu Tip alipokwenda bara, bidhaa zilitoka kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan, naye alizibeba kama deni. Msafara ukiporwa njiani, deni halikuporwa. Yeye alifanikiwa, ndiyo maana tunamjua jina. Waliofilisika njiani hatuwajui.

Mwalimu wetu wa historia chuoni alinipa mfano wa Kichina ambao niliwapelekea wakaufurahia sana. Wafanyabiashara wa jimbo la Shanxi, wale walioendesha nyumba za kutuma fedha wakati wa utawala wa Qing, walikuwa na hisa za aina mbili. Hisa ya fedha ilikuwa ya aliyetoa mtaji. Hisa ya mwili ilikuwa ya meneja na makarani wa muda mrefu, ambao hawakutoa chochote ila nguvu na uaminifu wao. Wote waligawana faida hesabu ilipofungwa baada ya miaka kadhaa, lakini hasara ilibebwa na hisa za fedha tu. Mzee aliposikia akasema, "Hao nao walisoma wapi?"

Kwa hiyo mgao ulipatikana mchana mmoja. Kilichokuja kuutikisa ubia kilikuwa mstari wa juu yake, ule unaosema "gharama zote zikatolewa." Katika miaka yote niliyokaa na watu wa mizigo, sijaona wabia waliogombana kwa sababu ya robo au sudusi, yaani ile sehemu ya sita. Wanagombana kwa sababu ya kilichoandikwa kabla ya robo kuhesabiwa.

Nilikuwepo siku jambo hilo lilipolipuka. Tulikuwa Zhanxi, duka la viatu ghorofa ya pili, Mama akihesabu katoni mlangoni. Biashara pale ilifanywa kwa kikokotoo: muuzaji anabonyeza bei, anakusogezea, wewe unafuta unabonyeza yako. Mkikubaliana, anafungua kitabu cha risiti chenye kaboni. Muuzaji, dada mchangamfu aliyemzoea Kijana, aliinua kalamu akaniuliza kwa Kichina, sauti ya kawaida kabisa: "Niandike bei gani?"

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri kinachosemwa. Nikamtafsiria Mama.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwambie aandike ile ninayolipa."

Kijana hakukana. Alikuwa anaongezewa yuani 2 kwa kila jozi, risiti inaandikwa bei ya juu, tofauti inarudi kwake. Kwa mzigo wa jozi 6,000 hizo ni yuani 12,000, karibu dola 1,450 kwa kiwango cha wakati ule, ambacho kilikuwa kimesimama 8.28 kwa dola mwaka hadi mwaka. Kila mnunuzi wa niaba Zhanxi anachukua, akasema. Sokoni wanaita kamisheni, na muuzaji asiyeitoa hapati mteja wa pili. Kuhusu hilo hakusema uongo.

Mzee aliposimuliwa hakupandisha sauti. Alikaa muda, kisha akamwambia, "Mwanangu, ulichokula sikuulizi. Nakuuliza unahitaji nini ili usile."

Ndipo ikaja habari ya stoo. Mzigo ulinunuliwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa, ukasubiri kontena lijae, na stoo ililipwa na Kijana. Simu za kupiga Dar es Salaam, Kijana. Mkokoteni kutoka sokoni, vibarua wa kupakia, Kijana. Wote walikuwa wamedhani robo yake inatosha kubeba hayo. Tulipoyajumlisha yalifika kama dola 1,200 kwa mzigo mmoja. Robo ambayo daftari liliita ujira ilikuwa inalipia sehemu ya biashara ya wenzake.

Kuziingiza hizo 1,200 kwenye gharama kulishusha faida kutoka 18,000 hadi 16,800. Nilifanya hesabu upya: Mzee 5,880, Mama 5,740, Kijana 5,180. Zamani Kijana alipokea 5,550 akatoa 1,200 mfukoni, akabaki na 4,350. Sasa anabaki na 830 zaidi, ambazo 420 zimetoka kwa Mzee na 410 kwa Mama. Kwa bei hiyo walinunua risiti ya kweli, na bado ilikuwa nafuu kuliko 1,450 walizokuwa wakiibiwa. Punguzo na zawadi yoyote ya muuzaji, iwe yuani moja, ikawa mali ya daftari.

Mama hakukubali kirahisi. Kama stoo ya Guangzhou ni gharama, akauliza, kodi ya duka langu Kariakoo je? Mzee alimjibu jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote katika kazi ya uhasibu niliyokuja kuifanya baadaye: "Duka lako lilikuwepo kabla yetu na litakuwepo baada yetu. Stoo ya huyu ipo kwa ajili ya mzigo wetu tu." Gharama ya ubia ni ile ambayo bila ubia isingekuwepo. Mama akaikubali kanuni, halafu papo hapo akaielekeza kwa aliyeitunga. Tiketi ya Mzee ya kuja maonyesho ya vuli ilikuwa imeandikwa yote kwenye daftari, ilhali Mzee alinunulia humohumo bidhaa za duka lake mwenyewe. Mzee aliguna, akaniamuru nifute nusu. Nikafuta.

Baada ya hapo yakafuata mengine, na yote yalikuwa ya mstari wa juu. Shilingi, kwa mfano. Mwaka 2000 dola moja ilikuwa kama shilingi 800. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imevuka 1,000. Mama aliwauzia wateja wa mikoani kwa mkopo, kwa shilingi, na walilipa walipovuna. Mzigo wa shilingi milioni 10 uliotoka dukani dola ikiwa 950 ulikuwa na thamani ya dola 10,526. Pesa ikiingia mkononi dola ikiwa 1,030, ni 9,709. Dola 817 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba. Walikubali daftari liwe la dola, mauzo yahesabiwe kwa kiwango cha siku pesa ilipopokelewa, na mkopo wowote ambao Mama ameutoa bila kuwauliza wenzake, hasara ya kiwango itoke katika sudusi yake. Mikopo ikapungua mara moja.

Na muda. Safari moja Mama alihitaji karo ya mwanawe, akatoa dola 6,000 katika mtaji wake baada ya miezi miwili, mzigo ukiwa wa miezi sita. Mzee alitaka ahesabiwe kama mtu wa 12,000. Mama alitaka abaki mtu wa 18,000. Hapo unazidisha pesa kwa miezi iliyokaa. Mama: 18,000 kwa miwili na 12,000 kwa minne, jumla 84,000. Mzee 36,000 kwa sita, 216,000. Kijana 6,000 kwa sita, 36,000. Jumla 336,000, na fungu la Mama ni robo kamili badala ya asilimia 30 alizokuwa nazo. Hesabu ya namna hii ni ya zamani mno. China wana kitabu cha hisabati cha karne nyingi, kiitwacho Sura Tisa, ambacho sura yake ya tatu ni ya kugawa kwa uwiano. Mama hakuvutiwa na historia. Aliuliza tu kama robo hiyo ni kabla au baada ya sudusi yake.

Masika ya mwaka 2003 ilikuja SARS. Ugonjwa ulianzia Guangdong kwenyewe. Februari tuliona watu wa Guangzhou wakigombania siki madukani, kwa kuwa ilisemekana mvuke wake unaua vijidudu, na tarehe 2 Aprili Shirika la Afya Duniani likashauri watu waahirishe safari za Hong Kong na Guangdong. Maonyesho yalifunguliwa, wageni hawakuja. Nilipita na Kijana katika kumbi za Liuhua tukiwa na barakoa, na wawakilishi walewale waliokuwa wakitutazama kwa macho ya kuhama sasa walitutolea viti. Bei zilishuka. Mzee na Mama hawakuweza kusafiri. Walituma pesa, wakamwachia yote, na Kijana alinunua vizuri kuliko wakati mwingine wowote niliouona. Kila risiti iliandikwa bei iliyolipwa. Nilizikagua.

Mzigo ule ulipouzwa, faida ilikuwa nono, na Kijana akaomba theluthi badala ya robo. Hoja yake ilikuwa nzito: alibaki peke yake katika mji wenye ugonjwa. Mzee alikataa. Fungu hupangwa kabla matokeo hayajajulikana, akasema, na kama mzigo ungepata hasara, yeye Mzee asingeruhusiwa kumrudia Kijana kumwomba apunguze. Mama aliona hivyohivyo, ila alimtumia Kijana dola 500 kutoka mfukoni mwake, na akasisitiza nisiziandike kwenye daftari kwa sababu zawadi si mgao. Mimi naona wote wawili walifanya haki, na naona kwamba kama dola 500 zile zingeandikwa, safari iliyofuata Kijana angezidai.

Ubia ulifungwa baada ya Julai 2005, China ilipopandisha thamani ya yuani kutoka 8.28 hadi 8.11. Mabadiliko hayo yenyewe yalikuwa madogo, asilimia 2 tu na ushee, lakini Mzee alisema bei iliyosimama muda mrefu hivyo ikianza kutembea haitarudi, na alikuwa sahihi. Isitoshe maonyesho yalishaanza kuhamia Pazhou, upande wa pili wa mto, ambako yalikwenda yote kufikia mwaka 2008. Kijana naye alikuwa na mtaji wa kutosha kusimama mwenyewe.

Kazi ngumu ya mwisho ilikuwa viatu vilivyobaki. Katoni za China huja zimepangwa saizi tayari, na zile saizi za pembeni huwa haziishi. Mzee alivithamini kwa bei ya kununulia, Mama akasema bei hiyo ni ndoto. Nikapendekeza njia rahisi: mmoja ataje bei, mwingine achague kununua au kuuza kwa bei hiyohiyo. Mama akataja, theluthi mbili ya gharama. Mzee akaangalia katoni, akachagua kuuza. Madeni ya mikoani waliyaandika kwa majina, kwamba kila litakaloingia litagawanywa kwa mafungu yaleyale, na yasiyoingia yatahesabiwa hasara ya mtaji peke yake. Mengi yaliingia.

Mzee alipofariki miaka kadhaa baadaye, wanawe walilikuta daftari kati ya karatasi zake na wakanipigia simu kuuliza kama kuna chao kwa Mama au kwa Kijana. Niliwaambia wafungue ukurasa wa mwisho, wenye sahihi tatu. Hawakuwa na la kudai, wala la kudaiwa. Kijana, ambaye sasa ana wajukuu na ofisi yake mwenyewe Guangzhou, ana vijana wanaomnunulia mizigo. Anawapa robo, stoo na simu analipa yeye, na risiti lazima iandikwe bei iliyolipwa.